Kamera Inayotafuta Macho

Gazetini walimwita binti huyo Chiriku, ndege asiyenyamaza, kwa sababu moja tu: hakuwa akisema. Aliweza kuingia chumba cha habari asubuhi, akanywa chai, akafanya kazi, akaondoka jioni, na watu wakabaki wakibishana kama siku hiyo alikuja au alikuwa anaumwa. Chuoni alikosomea upigaji picha alifaulu vizuri, ila somo moja halikumwingia kabisa: namna ya kumsogelea mtu asiyemjua na kumwambia, "Samahani, geuka kidogo, inua kidevu." Kila alipojaribu, maneno yalimkauka mdomoni, na mtu wa watu akabaki ameganda kama anayesubiri kung'olewa jino. Ndiyo maana akachagua michezo. Mchezaji haambiwi ageuke. Anageuka mwenyewe, anaruka mwenyewe, na kazi ya mpiga picha ni kumfuata tu.

Huko kumfuata nako hakukuwa lelemama. Aliyemfundisha ni mpiga picha mkongwe wa gazeti hilo, mwanaume wa mabega mapana na magoti yanayolia kila akichuchumaa, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Fundi. Wiki za mwanzo Fundi alimsimamisha kwenye ngazi za mbele ya ofisi, akamwambia apige picha baiskeli na pikipiki zinazopita barabarani.

"Unaikimbiza," alikuwa akimwambia. "Usiikimbize. Ianze ikiwa bado mbali, uizoee, nayo ikuzoee. Ikifika hapa mbele muwe mmeshakuwa ndugu."

Baadaye walikaa pamoja kuzitazama picha. Nyingi zilikuwa picha za ukuta wa duka la ng'ambo, umetoka safi, kila tofali mahali pake, na mbele yake kitu cha ukungu ambacho pengine kilikuwa pikipiki.

"Huu ukuta umekupenda kweli," Fundi alisema. Lakini alisema kwa sauti ya chini, wenzao wasisikie, na Chiriku alimpenda kwa hilo.

Kisha ikaja kamera mpya. Hiyo haikusubiri kuelekezwa kila kitu. Ukiwasha kipengele chake cha kutafuta macho, ilimtafuta mtu. Ndani ya mtu ikatafuta uso. Ndani ya uso ikatafuta jicho. Ikishalipata, kimraba kidogo cha kijani kilikaa juu ya jicho hilo na kulifuata. Mtu akikimbia, akiruka, akipinda, kimraba kiko naye. Chiriku alipoitazama mara ya kwanza ikimfuata mchezaji wa mpira wa kikapu kutoka goli hadi goli, mwili ulimsisimka. Kamera ilifanya bila haya kile ambacho yeye hakukiweza: kumkazia mtu macho. Tangu siku hiyo kipengele kile hakukizima tena.

Siku ya mashindano ya wakimbiaji wasioona, Fundi alikuwa amepelekwa kwenye mpira. Mhariri wa picha akamtazama Chiriku juu ya miwani.

"Asubuhi mchujo, alasiri fainali. Nataka mita mia za wanawake, kwenye mstari wa kumalizia. Niletee picha moja inayopumua, usiniletee rundo la maiti. Umenielewa?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

"Nimekuuliza, umenielewa?"

"Ndiyo."

"Haya. Leo tumesikia sauti yako, hiyo nayo ni habari."

Katika mbio hizo kila mkimbiaji hukimbia na mwongozaji anayeona, wamefungwa pamoja mikononi kwa kamba fupi. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta mwenzake, wala kumtangulia. Wakifika kwenye mstari lazima awe nyuma yake, hata kama ni kwa nusu hatua. Na wakimbiaji wote huvaa kitambaa cheusi machoni, ili anayeona mwanga kidogo asimzidi asiyeona kabisa. Haya yote Chiriku aliyasoma kabla ya kwenda. Aliyasoma vizuri sana, na hakuona yanahusiana vipi na kamera yake.

Alilala kifudifudi nyuma ya mstari, upande wa kushoto, viwiko vimezama kwenye nyasi. Katika mchujo wa mwisho akatokea mwanamke mfupi mwenye fulana nyekundu ambaye uwanja mzima ulimwita Cheche. Mwongozaji wake alikuwa mdogo wa mume wake, kijana mrefu, mtanashati, mwenye fulana ya rangi ya chungwa. Cheche alimwita Shemeji, na kwa kuwa alimwita hivyo kwa sauti ya kusikika hadi jukwaani, kila mtu pale naye akamwita Shemeji, hata waamuzi.

Bunduki ikalia. Chiriku alikuwa ameshaona watu wengi wakikimbia, lakini hakuwahi kuona watu wawili wakikimbia kama mtu mmoja. Mikono yao iliyofungwa ilikwenda mbele pamoja na kurudi pamoja. Miguu ya ndani ilipiga chini kwa mlio mmoja. Shemeji, ambaye kwa urefu wake angeweza kupiga hatua ndefu zaidi, alikuwa amezikunja hatua zake akazipima kwa za mwenzake, kama mtu anayembebea mwenzake bakuli la maji lililojaa. Na Cheche! Mtu asiyeona anatembea kwa kujihadhari, kila mmoja anajua hivyo. Cheche alijitupa mbele gizani kana kwamba giza lile lilikuwa uwanja wake mwenyewe na amelilima kwa mkono wake. Hakusita. Hakupapasa. Chiriku alijisahau kidogo akataka kupiga makofi, akakumbuka mikono yake ina kazi.

Cheche akashinda mchujo ule, tena kwa mbali.

Chiriku akaenda kukaa kwenye kivuli cha jukwaa, akaanza kuzitazama picha. Ya kwanza, Shemeji ametoka safi. Ya pili, Shemeji. Akaikuza: unaweza kuhesabu kope zake, unaweza kuona tone la jasho likiwa karibu kuanguka kutoka puani. Mbele yake, kwa ile nusu hatua, Cheche alikuwa rangi nyekundu iliyomwagikiwa maji. Ya tatu, hivyo hivyo. Akapitia zote hadi mwisho, moyo ukishuka kwa kila picha. Kamera nzuri, lenzi nzuri, mkono haukutetemeka, na aliyeshinda hayupo.

"Wewe ndiye kamera ya kushoto."

Chiriku akainua kichwa. Cheche alikuwa amesimama mbele yake, kitambaa cheusi amekipandisha kwenye paji la uso, mkono wake umeshika kiwiko cha Shemeji.

"Ndiyo," Chiriku akasema, na kwa kuwa ndiyo ile ilisikika kavu mno, akaongeza, "dada."

"Nilikusikia. Wenzako wanapiga tangu mwanzo, ta-ta-ta-ta, kama wanakaanga bisi. Wewe ulinyamaza, halafu ulivyoanza ukaja na mimi mpaka mwisho. Nikasema huyu ananifuata mimi, huyu nimtafute." Akaketi kwenye ngazi bila kupapasa, kama aliyeiona. "Haya, nieleze picha yangu."

Chiriku akatazama skrini. Nyuma ya Cheche, Shemeji aliinama, akaiona picha, akakunja uso, kisha akaanza kumfanyia Chiriku ishara: dole gumba juu, tabasamu, mkono kifuani. Sema ni nzuri. Tafadhali, sema ni nzuri.

Ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na Chiriku alikuwa mtu wa neno moja. Lakini alimtazama yule mwanamke aliyetega sikio, uso wake umeelekea pasipo na mtu, akisubiri, na neno lile likamkwama.

"Haijatoka, dada," akasema. "Umetoka na ukungu. Zote. Aliyetoka vizuri ni... ni yeye."

Shemeji akajishika kichwa.

Cheche akaangua kicheko. "Shemeji! Umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"Umenidanganya miaka mingapi? 'Picha nzuri, shemeji. Umependeza, shemeji.' Na mama mkwe naye anazibandika ukutani!"

"Sasa ningesemaje? Kwamba mimi ndiye nimependeza?" Akamgeukia Chiriku. "Dada, si kosa langu. Mimi hata kwenye picha za shule nilikuwa sitoki hivi. Siku hizi muuza nyanya mtaani ananiita bingwa. Ananiongezea na nyanya juu."

"Na unazila?"

"Nikizikataa atajisikia vibaya."

Cheche alicheka tena, lakini safari hii kicheko kiliishia njiani. "Mimi nilijua," akasema. "Si kutoka kwenu. Mwanangu alipeleka gazeti shuleni, awaoneshe wenzake mama yake anavyokimbia. Wakamwambia huyu si mama, huyu ni mwanaume, mama yako yuko wapi? Akarudi nyumbani, akavua viatu, akaniuliza, 'Mama, kwa nini gazetini wewe ni moshi?'"

Shemeji akaketi karibu naye.

"Leo ndiyo ya mwisho," Cheche akaendelea. "Goti limesema basi, na daktari amekubaliana nalo. Medali ninazo, zimejaa droo, zikigongana zinanipigia kelele nikitafuta soksi. Picha sina. Sisemi kwa ajili yangu, mimi nitaifanyia nini? Ni yule mtoto. Nataka aoneshe picha moja na mtu asimuulize mama yako yuko wapi." Akaugeuza uso mahali sauti ya Chiriku ilipokuwa imetokea. "Unaweza?"

Chiriku alitaka kusema hajui. Akasema, "Nitajaribu, dada," na safari hii aliyeahidiwa hakuwa mhariri.

Alijitenga pembeni akampigia Fundi. Nyuma ya sauti ya Fundi kulikuwa na makelele ya mashabiki na mtu akipuliza tarumbeta vibaya.

"Kamera imekosea," Chiriku akamweleza. "Inamwacha anayekimbia, inamshika mwongozaji. Kila picha."

"Anayekimbia amevaa nini usoni?"

"Kitambaa cheusi. Wote wamevaa, ndiyo sheria ya..."

"Enhe," Fundi akasema. "Malizia mwenyewe."

"Hana macho ya kuonekana."

"Mwanangu, kamera haijakosea hata kidogo. Umeiambia itafute macho, imetafuta macho. Hapo macho yaliyopo ni ya nani? Mimi mwenyewe nisingelikumbuka hilo, nikwambie ukweli. Ningelala hapo kwenye nyasi nikapiga hivyo hivyo, nikaja kulaumu betri." Tarumbeta ikalia tena. "Sasa kizime hicho kipengele, utafute kitu alicho nacho yeye ambacho mwenzake hana. Ukipate wewe, kisha umwoneshe kamera. Na kuna ile sehemu ya subira, unaikumbuka? Mtu akikatiza mbele, kamera ihamie kwake au ingoje. Ipandishe mpaka mwisho. Iwe na subira ya mgonjwa hospitali."

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na kiwanja kidogo cha kupashia mwili joto, udongo mkavu uliopigwa na miguu mpaka ukang'aa. Chiriku aliwaomba wapite mbele yake polepole, mara chache tu, goti likiruhusu. Aliwaomba kwa sauti, bila kukauka mdomo, na hakugundua kwamba ameomba mpaka walipokuwa wameshaanza.

Kwanza alijaribu nambari ya kifuani, maana Shemeji hakuwa na nambari. Akazima kutafuta macho, akaweka kimraba kidogo juu ya nambari, akabonyeza kwa kidole gumba na kushikilia. Kimraba kikaishika. Wakaja, kikaja nao. Lakini walipokaribia na Cheche akainamisha kifua kama anavyofanya kwenye mstari, mkono wake ukapita mbele, nambari ikajikunja, na kimraba kikateleza hadi kwenye fulana ya chungwa.

"Imekwenda kwa nani?" Cheche akauliza, akihema.

Chiriku akaguna tu.

"Shemeji, usiangalie kamera!"

"Siiangalii! Yenyewe ndiyo inaniangalia!"

"Basi nuna. Fanya sura mbaya."

"Nifanyeje sura mbaya na Mungu amekataa?"

Mzee mmoja mwamuzi aliyekuwa akipita akacheka mpaka akasimama. Chiriku naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye uso wa Cheche, akiutafuta kama anavyotafuta mtu ufunguo kwenye chumba anachokijua. Nywele? Zimefupishwa. Hereni? Hana. Na hapo akakiona, kitu ambacho tangu asubuhi alikuwa akikichukulia kama ndicho kizuizi. Kitambaa chenyewe. Mama mkwe wa Cheche, kama Chiriku alivyoambiwa baadaye, alikuwa amekishona kwa mkono, na pembeni kote alikuwa amekitia pindo jeupe, jembamba kama uzi wa kiatu, ili kisimchubue. Nyeusi na nyeupe, mstari ulionyooka, katikati ya uso. Kamera gani itashindwa kuushika mstari kama ule?

"Mara moja tu tena, dada," akasema. "Shusha kitambaa machoni."

Wakapita. Kimraba kilikaa juu ya pindo jeupe na hakikuondoka. Cheche akainama, kikainama naye. Shemeji aligeuza kichwa, makusudi kabisa, akatoa meno yote. Kimraba hakikumjali.

Chiriku akashusha pumzi. Hakuwaonesha picha. Mazoezi si mbio, na udongo ule haukuwa mstari.

Fainali iliitwa jua likiwa limeanza kuegemea nyuma ya jukwaa. Chiriku alilala palepale upande wa kushoto. Kulia kwake wapiga picha wa magazeti mengine walikuwa wamejipanga bega kwa bega, na mmoja wao akamwambia, "Dada, nasikia mwenye fulana ya kijani ana kasi kuliko yule wenu. Ukitaka mshindi, mtege huyo." Alisema kwa wema. Chiriku akashukuru. Alijua pia kwamba mhariri hakumtuma kwa ajili ya moshi wala mtoto wa mtu, alimtuma kwa ajili ya mstari wa kumalizia, na kwamba aking'ang'ania uso mmoja, hao wengine watamponyoka. Kamera ikiwa na subira ya mgonjwa hospitali haihami kirahisi hata ukiibembeleza.

Akamtafuta Cheche pale mwanzoni, mbali, mdogo kama punje. Akaweka kimraba juu ya kitambaa. Hakupiga. Alimzoea tu.

Bunduki.

Kelele za uwanja zilikuwa zimeshakatika, maana katika mbio za wasioona watazamaji hunyamaza ili wakimbiaji wasikie waongozaji wao. Kilichobaki ni viatu, pumzi, na sauti za waongozaji, kila mmoja na wake: "Twende! Twende! Nyoosha!" Katika dirisha dogo la kamera Chiriku alimwona Cheche akikua. Kidole gumba kimeshikilia. Katikati ya mbio mwongozaji wa njia ya pembeni aliyumba, mkono wake ukapita mbele ya uso wa Cheche, na kwa kitambo kidogo kimraba kilikuwa juu ya kiganja cha mtu mwingine. Chiriku alikiona. Hakuachia. Hakubonyeza upya. Aliendelea kumfuata Cheche mahali alipojua yupo, kwa mwendo uleule, na mkono ule ulipoondoka, kimraba kilikuwa kimesubiri. Pindo jeupe lilikuwa chini yake.

Sasa akaanza kupiga. Kila fremu, uso ule. Goti lilikuwa linauma, lilionekana kwenye mashavu, namna yalivyokazwa, lakini hakuna hatua iliyofupishwa. Gizani kabisa, kwa kasi ile, alimwelekea mtu asiyemwona na mstari asiouona, na mwili wote ulikuwa umejikabidhi mbele. Chiriku aliwaza, mimi sijawahi kufanya kitu chochote namna hii. Kisha hakuwaza kitu. Cheche akainamisha kifua, mstari ukapita, uwanja ukalipuka, na Chiriku akaendelea kubonyeza mpaka fulana nyekundu ikajaza dirisha lote.

Akakaa kitako kwenye nyasi. Simu ikaita papo hapo. Mhariri.

"Nani kashinda?"

Chiriku akatazama huku na huku. Wanawake walikuwa wakikumbatiana na waongozaji wao, wengine wamelala chini. "Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Nilikuwa namfuata mtu mmoja tu."

"Umelala kwenye mstari wa kumalizia wa fainali," mhariri akasema polepole, "na hujui aliyeshinda."

Kipaza sauti cha uwanja ndicho kilichomjibu: fulana ya kijani wa kwanza, Cheche wa pili. Mhariri alikuwa amesikia. "Haya," akasema. "Nitumie ulicho nacho, kabla sijakasirika vizuri," na akakata.

Chiriku akazifungua picha. Alizipita moja moja, mpaka akafika kwenye ile ya mstari wenyewe, akaikuza. Akaitazama kwa muda. Kisha akaituma, akainuka akaenda kuwatafuta watu wake.

Cheche alikuwa kwenye benchi, barafu juu ya goti. Shemeji alikuwa analia kidogo na kujifanya ni jasho.

"Nieleze," Cheche akasema kabla Chiriku hajafungua mdomo. "Hatua zako nimezijua. Nieleze, na usinipambie."

Chiriku akachuchumaa mbele yake. "Umetoka," akasema. "Umetoka mzima. Kitambaa kinaonekana mpaka nyuzi zake, mahali mama mkwe alipokosea na kurudia. Mshipa wa shingo umesimama. Kuna chembe ya udongo hapa," akamgusa shavu, "ipo mpaka sasa. Shemeji yuko nyuma, huwezi kumtambua. Ni rangi ya chungwa tu."

"Nyanya zangu," Shemeji akasema, akijifuta macho.

"Na mdomo wako, dada." Chiriku akasita. "Umetoa ulimi."

"Nimetoa nini?"

"Ulimi. Kidogo tu, upande wa kulia. Umeubana kwa meno."

Cheche alibaki mdomo wazi. "Nakimbia na ulimi nje? Miaka yote hii? Shemeji!"

"Mimi nakuwa nyuma yako, nitauonea wapi?" Shemeji aliinama kuitazama skrini. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko Chiriku alivyotarajia, na alipozungumza utani ulikuwa umemtoka. "Huyu ni mtoto, shemeji. Huyu ni mtoto wako kabisa, akiandika. Mwalimu wake analalamika kila siku kwamba anaandika kwa mkono na ulimi."

"Mtoto gani? Mwanangu?"

"Una mwingine?"

"Mbona hamjaniambia? Kila anayekuja nyumbani ananiambia ni baba yake mtupu. Macho ya baba, pua ya baba, hata masikio ya baba."

"Nani atakwenda kumwambia mtu kwamba mwanawe anatoa ulimi?"

Cheche aliinua mkono, akaugusa mdomo wake, taratibu, pembeni kulia.

Simu ya Chiriku ikaita tena. Sauti ya mhariri ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyeingia chumba anacholala mgonjwa. "Picha hii," akasema, "nimeiita meza nzima waje waione. Mshindi yupo kwenye fremu?"

"Bega lake tu. Na ukungu."

"Basi mshindi atakwenda kwenye habari, maneno yanamtosha. Hii inakwenda juu ya ukurasa, safu zote." Akakohoa. "Ila kuna huo ulimi. Huna nyingine alipofunga mdomo? Mwanamke wa heshima zake, mbio zake za mwisho, tusimwaibishe."

Chiriku alikuwa nayo. Fremu iliyofuata, hatua moja baada ya mstari, mdomo umefungwa, uso umetulia, safi vilevile. Picha nzuri sana. Aliinua macho, na kwa namna Cheche alivyotega shingo alijua kila neno la mhariri limesikika.

"Dada," akasema, "ziko mbili. Unataka ipi?"

"Yenye ulimi."

"Una hakika?"

"Nikatiwe ulimi halafu nimpelekee mtoto nini?"

"Ni hiyohiyo, mhariri," Chiriku akasema kwenye simu. "Mwenyewe amechagua."

Mhariri akaguna, akasema sawa, akakata. Barafu ilikuwa imeanza kuyeyuka na kuchirizika mguuni mwa Cheche, lakini hakuijali. Alinyoosha mkono pembeni, kiganja juu.

"Shemeji, nipigie nyumbani. Wampe simu mtoto, si mama mkwe, mtoto."

Shemeji akapiga, akangoja, akasema maneno mawili matatu, akamwekea simu kiganjani. Cheche akaipeleka sikioni.

"Mwanangu? Wa pili. Ndiyo, wa pili, si vibaya. Sikiliza, acha hayo, nitakuhadithia. Hebu chukua penseli. Umechukua? Andika kitu chochote. Andika mama." Akasubiri, akisikiliza pumzi za upande wa pili. "Unaandika? Haya, bila kuacha kuandika, niambie ulimi wako uko upande gani."